Kumtafuta Bibi Kwenye Mirathi ya Wengine

Ukiolewa kwenye familia ya Wamarekani Weusi yenye asili ya Virginia, na ukawa mtu wa maswali mengi kama mimi, haipiti muda unakabidhiwa boksi. La kwetu lina picha, karatasi za ibada za mazishi, Biblia iliyoandikwa majina kwa kalamu za kila rangi, na mti wa ukoo aliouchora mama mkwe kwa mkono wake miaka mingi kabla sijamfahamu. Mti huo unaishia kwa mwanamke mmoja aliyezaliwa karibu na mwaka 1835. Juu yake pamebaki peupe. Mama mkwe ni kilembwe wa mwanamke huyo, ana miaka themanini na ushee, na aliponipa boksi alisema tu kwamba anataka kujua huyo mama alitoka wapi kabla yeye mwenyewe hajamfuata.

Familia imeniomba nisitaje jina lake wala la kaunti, kwa sababu ambazo zitaeleweka mbele. Humu nitamwita Bibi.

Mahali ambapo kila mtu huanzia ni sensa ya 1870, na sisi tulianzia hapo. Bibi yumo: miaka 35, mfuaji wa nguo, watoto wanne, mkubwa ana miaka 12. Katika nyumba hiyohiyo yumo bikizee wa miaka 70 mwenye jina la ukoo tofauti kabisa. Ni nani? Sensa ya 1870 haikuuliza uhusiano wa watu wanaokaa nyumba moja. Swali hilo lilianza kuulizwa 1880, na kufikia 1880 bikizee hayupo tena. Sensa iliyofuata, ya 1890, karibu yote ilipotea baada ya moto wa Januari 1921 mjini Washington, kwa hiyo kati ya 1880 na 1900 familia nyingi za Marekani, weupe kwa weusi, zina pengo la miaka ishirini.

Pengo la nyuma ya 1870 ni la aina nyingine. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza ya taifa kuwaandika kwa majina watu wote weusi waliokuwa watumwa. Weusi waliokuwa huru waliandikwa majina tangu 1850. Waliobaki, katika sensa za 1850 na 1860, walipewa jedwali lao la peke yake: juu jina la mwenye kuwamiliki, chini yake mstari mmoja kwa kila mtu, umri, jinsia, rangi. Majina hayapo isipokuwa kwa nadra sana. Mwanamke, 25, mweusi. Mvulana, 2, mweusi. Watafiti wa nasaba huku wanauita ukuta wa 1870, na wapo waliofika hapo wakafunga boksi na kulirudisha juu ya kabati.

Hapa ndipo kaunti inapoingia. Sensa ilikuwa ya serikali kuu, na serikali kuu ilitaka hesabu ya vichwa ili igawe viti bungeni. Kaunti ilitaka kujua nani anamiliki nini. Ardhi, mifugo na watu vilirithiwa, viliuzwa, viliwekwa rehani na kugombaniwa mahakamani, na yote hayo yaliandikwa na karani wa mahakama ya kaunti. Benki au jirani anayekukopesha pesa hakubali kuandikiwa kwamba dhamana ni "mwanamke wa miaka 25". Anataka jina, ili siku ya kudai asije akaletewa mwanamke mwingine. Kwa hiyo majina ambayo Washington haikuyahitaji, kaunti iliyaandika moja baada ya jingine, kwa mwandiko mzuri tu.

Shida ni kwamba hayamo chini ya herufi ya kwanza ya Bibi. Yamo chini ya jina la mtu aliyemmiliki. Humtafuti mtu wako; unamtafuta aliyemshika, unamfuata mali zake, ndoa zake, madeni yake na kifo chake, hadi ukutane na mtu wako katikati ya karatasi za mwingine. Mume wangu hadi leo hakubali kufanya kazi hiyo. Anasema hana muda wa kuijenga historia ya wale watu. Namwelewa. Mimi nimeingia kwenye ukoo huu kwa ndoa, na nadhani ndiyo maana naweza kukaa saa tatu na wosia wa mzee aliyemiliki watumwa bila kuondoka nikilia.

Chumba cha kumbukumbu kwenye jengo la mahakama hakifanani na maktaba. Vitabu ni vikubwa kama meza ya kahawa, vinalala bapa kwenye rafu za chuma zenye roli, unavivuta kama unavyovuta sinia kwenye tanuri. Wateja wakubwa wa chumba hicho si watafiti wa nasaba, ni wapekuzi wa hati za ardhi, wale wanaolipwa na mawakili kuhakikisha nyumba inayouzwa haina mgogoro. Wanaijua faharasa ya wauzaji na ya wanunuzi kuliko makarani wenyewe. Mmoja wao, baba mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, ndiye aliyeniuliza kwa upole kwa nini nasoma hati za mauzo tu. Akanionyesha hati za rehani, ambazo mkopaji humkabidhi mtu wa tatu mali yake hadi deni liishe. "Watu wengi hawakuuza," aliniambia. "Walikopa." Ushauri huo ulikuwa na faida kuliko vitabu vyote nilivyosoma.

Lakini kabla ya kumfuata mmiliki, lazima umjue ni nani, na jina la ukoo halitoshi. Mazoea ni kudhani kwamba watu walioachwa huru walichukua jina la bwana wao wa mwisho. Wengine walifanya hivyo. Wengine walichukua la bwana wa zamani zaidi, ambaye baba yao au mama yao alikuwa kwake. Wengine walikuwa na jina lao siku zote ambalo hakuna mzungu aliyewahi kuliuliza. Wengine walibadilisha mara mbili kati ya 1865 na 1880. Kwenye kaunti yetu jina la ukoo la Bibi lilikuwa na wazungu kadhaa wenye mashamba, na hakuna hata mmoja aliyehusika.

Kilichotuokoa ni daftari la vizazi. Virginia ilianza kusajili vizazi na vifo mwaka 1853, mapema kuliko majimbo mengi ya Kusini, na sheria ilitaka hata watoto wa watumwa waandikwe. Mtoto mkubwa wa Bibi alizaliwa karibu 1858. Kwenye mwaka huo tulimpata: jina lake la kwanza, jina la kwanza la mama yake, mwezi. Nataka mwone jinsi safuwima ile ilivyopangwa, maana nimeitazama mara nyingi. Kichwa chake kinataka jina kamili la baba iwapo yeye ni huru na mtoto amezaliwa ndani ya ndoa, au jina la mmiliki iwapo mtoto amezaliwa mtumwa. Safuwima ni hiyohiyo moja. Mtoto mweupe wa mstari wa juu ameandikiwa baba. Wa kwetu, mstari wa chini yake, ameandikiwa mkulima wa kaunti ile, na huyo mkulima ndiye aliyetoa taarifa.

Baada ya hapo nilirudi kwenye jedwali la watumwa la 1860. Chini ya jina la mkulima huyo kuna mwanamke wa miaka 25 na mvulana wa miaka 2. Peke yake huo ni ushahidi dhaifu. Umri mara nyingi ulikadiriwa tu, na mashamba mengi yalikuwa na mwanamke wa miaka 25. Ukiuweka juu ya daftari la vizazi, unasimama.

Sasa nieleze jambo ambalo linanisumbua katika kazi hii. Kaunti haiandiki mtu anapoishi. Inaandika mali inapohama. Mwenye shamba aliyelipa madeni yake, akaishi miaka tisini na kumwachia mtoto mmoja kila kitu kwa sentensi moja, hakuacha kitu cha kutusaidia. Wanaotusaidia ni waliofilisika, waliokufa ghafla bila wosia, waliozaa watoto wasiosikizana, na mabinti walioolewa wakapewa watu kama zawadi ya harusi. Ukiona kwenye faharasa kesi ya mirathi iliyodumu miaka kumi na tano, moyo unaruka, kwa sababu ndani yake kutakuwa na orodha baada ya orodha. Halafu unakumbuka maana ya kesi ile kwa watu waliomo kwenye orodha. Kila karatasi inayotuonyesha jina ni siku ambayo mtu alikuwa karibu kutenganishwa na wenzake, au alishatenganishwa. Makaratasi mengi kwetu ni dalili ya balaa kubwa kwao, na sijapata namna ya kufurahia jambo hilo bila kujionea haya kidogo.

Baba wa yule mkulima alifariki 1843 bila kugawa watu wake kwenye wosia. Mahakama ikateua majirani watatu wapite shambani, waorodheshe kila kilichokuwamo na kukikadiria thamani. Orodha hiyo imenakiliwa kwenye kitabu cha wosia cha kaunti, kurasa tatu. Waliandika kwa mpangilio waliotembelea, kwa hiyo ukisoma ni kama unatembea nao: wametoka zizini, farasi wa kijivu, jozi ya ng'ombe wa kulimia, plau, mapipa, halafu watu, halafu wameingia ndani, kitanda cha manyoya, saa, vijiko. Wanaume wazima wametangulia. Kisha wanawake, na baadhi yao wamewekwa kwenye mstari mmoja na mtoto mchanga, bei moja. Mzee mmoja amewekewa sifuri. Katikati ya ukurasa wa pili yumo msichana mwenye jina la Bibi, umri umeandikwa pembeni kwa tarakimu ndogo: 8. Dola 200. Mstari wa juu yake ni mwanamke, dola 275, asiyeandikiwa umri. Jina la mwanamke huyo ni lilelile la kwanza la yule bikizee wa sensa ya 1870.

Niliporudi nyumbani nikamsomea mama mkwe. Hakuuliza kuhusu bei. Aliuliza, "Kwa nini wako mstari juu na chini?" Nikamwambia kwamba wakadiriaji mara nyingi waliwapanga mama na watoto pamoja, ila si kila mara.

Orodha ya mali ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili ni mgawanyo, na mara nyingi iko kurasa kadhaa mbele, au kwenye kitabu kinachofuata, kwa sababu ulifanyika mwaka mmoja au miwili baadaye. Warithi wakiwa wengi, makamishna waliwagawa watu katika mafungu yanayokaribiana thamani, wakayapa namba, warithi wakapiga kura ya vikaratasi. Fungu likizidi, aliyelipata anawalipa wenzake tofauti kwa fedha taslimu. Ni hesabu safi, imejumlishwa sawasawa, hakuna senti iliyopotea. Msichana wa miaka 8 aliangukia kwenye fungu la mtoto wa kiume, yule mkulima tuliyemjua kutoka daftari la vizazi. Mwanamke wa mstari wa juu aliangukia fungu la binti aliyekuwa ameolewa upande wa pili wa kaunti.

Sasa rudini kwenye ile nyumba ya 1870. Mfuaji wa nguo wa miaka 35, watoto wake wanne, na bikizee wa miaka 70 mwenye jina la ukoo tofauti. Jina hilo la ukoo tofauti ni la mume wa yule binti.

Mama mkwe hana shaka hata chembe. Kwake ni mama na mwanawe, waligawanywa kwa kikaratasi, na Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipokwisha mmoja wao alitembea hadi kwa mwenzake. Tayari ameuongeza mstari kwenye mti wake, kwa wino. Kwenye nakala yangu nimeandika kwa penseli, na alama ya kuuliza. Jina la kwanza la bikizee lilikuwa la kawaida mno enzi hizo. Kukaa nyumba moja si ushahidi wa uzazi. Na aliyeandika umri wa 1870 huenda alikisia. Tumebishana juu ya penseli yangu mara kadhaa. Mara ya mwisho alinitazama akaniambia, "Binti, hao waliowaandika kwenye ukurasa wa ng'ombe hukuwawekea alama ya kuuliza." Sikuwa na jibu la haraka. Alama bado ipo, lakini nimeifanya ndogo.

Kuhusu mababa nitasema kidogo, kwa sababu kilichopo ni kidogo. Tangu 1662 sheria ya Virginia ilitamka kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake, huru au mtumwa. Mwenye mali akawa na sababu ya kuandika nani kazaliwa na nani upande wa mama, na upande wa baba hakuna aliyehitaji. Mara nyingi baba alikuwa shamba la jirani, chini ya jina la mmiliki mwingine. Waliobahatika wana daftari za 1866, ambazo maofisa wa Idara ya Walioachwa Huru walizijaza kwa wanandoa ambao ndoa zao sheria haikuzitambua utumwani: jina la mume, umri, alikozaliwa, mmiliki wake wa mwisho, vivyo hivyo kwa mke, kisha watoto na tarehe walipoanza kuishi pamoja. Ukiwa nalo, ukuta umeanguka kwa ukurasa mmoja. Ni kaunti chache za Virginia ambazo daftari lake limesalia. La kwetu halimo. Idara hiyo ilianzishwa 1865 na kufungwa 1872, na mikataba yake ya kazi, orodha za mgao wa chakula na barua za malalamiko sasa zimewekewa faharasa na kupatikana mtandaoni bure; tumepitia za wilaya yetu na bado tunampata Bibi peke yake, bila mume.

Hatua ya nyuma zaidi ya 1843 ndiyo ngumu. Hakuna hati inayoonyesha yule mzee aliyefariki 1843, baba wa mkulima, akimnunua bikizee. Nilitafuta upande wa wanunuzi kwenye faharasa hadi macho yakauma. Maelezo yanayobaki ni kwamba bikizee alikuja na mke wa yule mzee, kama watumwa walivyokuja na wake wengi wa tabaka lile, na mke huyo alitoka kaunti ya jirani. Na kaunti ya jirani ni mojawapo ya zile ambazo watafiti wa Virginia huziita kaunti zilizoungua.

Kuungua kwenyewe ni kisa. Wakati wa vita, kaunti kadhaa za mashariki mwa Virginia zilifungasha vitabu vyao vya mahakama na kuvipeleka Richmond vikatunzwe, mbali na majeshi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Aprili 1865 jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga lilipokuwa linaukimbia mji, lilichoma maghala, moto ukatoka mikononi mwao na kumeza sehemu kubwa ya katikati ya mji, pamoja na vitabu hivyo. Kwa baadhi ya makarani, kuacha vitabu kwenye kabati la nyumbani kungekuwa salama zaidi.

Hata hivyo kaunti iliyoungua haikuungua yote. Kodi ya mali ilikusanywa na kaunti lakini nakala ilipelekwa kwa mkaguzi wa jimbo, na orodha hizo, kuanzia 1782, zipo kwenye Maktaba ya Virginia. Miaka ya mwanzo, kabla hawajaanza kuandika idadi tu, baadhi ya wakusanya kodi waliandika watumwa kwa majina. Baba wa yule mke alilipa kodi miaka hiyo. Bikizee mwenyewe alikuwa hajazaliwa, lakini mama yake anaweza kuwa humo. Ndiyo kazi niliyonayo sasa, mikrofilamu za miaka ya 1780, mwandiko ambao herufi ya s imesimama kama f, karatasi imevuja wino kutoka upande wa pili. Kuna pia kesi za madai ya mirathi, ambazo Maktaba hiyo imezipiga picha kaunti kwa kaunti na kuziweka mtandaoni, na kesi iliyohusu watu wa kaunti iliyoungua iliweza kufunguliwa kwa jirani. Anayetaka kuanza bila nauli aanzie huko.

Aina moja ya kumbukumbu haipo kwenye ofisi yoyote. Wenye mashamba waliweka daftari zao wenyewe: nani kazaliwa lini, nani kapewa viatu, nani kaugua. Nyingi zimeishia vyuo vikuu. Nyingine ziko kwenye dari na makabati ya wajukuu zao. Tunajua, kutoka rejeo dogo kwenye jarida la historia la kaunti, kwamba la yule mzee lilikuwa bado liko mikononi mwa familia yake. Hiyo ndiyo sababu sitaji majina.

Niliwaandikia. Nilijibiwa barua nzuri, ndefu, yenye masikitiko mengi juu ya yaliyopita na mwaliko wa kwenda kuliona shamba. Kuhusu daftari, hakuna neno. Mama mkwe aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akasema ya pili ataiandika mwenyewe. Ameshaandika. Ameshukuru kwa masikitiko yao, amesema magoti yake hayamruhusu kutembea mashambani, na ameomba picha za kurasa zenye vizazi, kuanzia mwanzo wa daftari hadi 1843, zipigwe mchana karibu na dirisha ili mwandiko usomeke.